Mizani iliyochomolewa ikaendelea kupima

Kwenye droo ya meza yangu ya kazi nina stakabadhi mbili za msimu wa korosho wa 2022. Zimechapwa ghala moja huko Masasi, zimepishana dakika sita, na zina majina ya wakulima wawili tofauti. Ya kwanza inasema kilo 81.4. Ya pili nayo inasema kilo 81.4. Gunia la pili lilipopimwa upya lilikuwa na kilo 77.9.

Draiva iliyosoma uzito ule, yaani programu inayoiunganisha mizani na kompyuta, niliiandika mimi.

Aliyeshtuka ni karani wa ghala, mzee mmoja makini sana. Alinipigia kabla ya saa nne asubuhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, hii mizani yako inapima hata waya ukiwa chini."

Nilimwomba anitumie picha. Ikaja: kebo ya USB imelala sakafuni karibu na mguu wa meza, na juu ya meza skrini inaonyesha 81.4, imetulia kabisa. Wapagazi walipokuwa wanaliteremsha gunia la kwanza kebo ilikwama kwenye katani, ikachomoka. Karani akachapa, gunia likaondoka, likapandishwa la pili, akabonyeza tena. Programu yetu ilikuwa na sharti la kutochapa mpaka namba itulie kwa sekunde mbili. Sasa namba iliyokufa, nani atatulia kuishinda?

Niseme pia kwamba dalili zilikuwepo wiki mbili kabla. Boksi la kompyuta linalosoma mizani liliganda mara kadhaa, na siku moja skrini ilionyesha namba hasi ndefu isiyoeleweka. Tulisema ni umeme. Tukawapelekea stabilaiza. Bado inaniuma, kwa sababu pale kwenye foleni kila kilo ni hela ya mtu aliyepalilia, akaokota, akakausha.

Boksi lenyewe ni kompyuta ndogo ya ARM ya biti 32, memori megabaiti 512, kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) ya Linux 5.4. Kihisi cha uzito kina saketi yake inayoongea kupitia USB kwa utaratibu wake wenyewe, haufuati kiwango chochote kinachojulikana, kwa hiyo ilinibidi niandike draiva: mistari 400 na ushee ya lugha ya C. Mizani ikichomekwa, draiva inaomba kipande cha memori kwa kzalloc, inaweka humo kila inachohitaji kukumbuka, na inaunda faili la /dev/mizani0. Programu ya karani inalifungua faili hilo asubuhi na kukaa nalo siku nzima. Saketi inatuma gramu mara kumi kwa sekunde, draiva inaziandika kwenye kile kipande, programu inakuja kuzisoma.

Mizani ikichomolewa, kerneli inaiita kazi hii:

static void mizani_disconnect(struct usb_interface *intf)
{
        struct mizani *m = usb_get_intfdata(intf);

        usb_deregister_dev(intf, &mizani_class);
        usb_kill_urb(m->urb);
        usb_free_urb(m->urb);
        kfree(m);
}

Isome taratibu. Jina la /dev/mizani0 linaondolewa ili asiingie mtu mpya. Usafirishaji wa data unasimamishwa, memori inaachiwa. Nilipoiandika niliiona safi, kila nilichokichukua nimekirudisha. Nilichosahau ni kwamba programu ya karani ilikuwa imeshaingia ndani tangu asubuhi. Jina la mlangoni limeondolewa, lakini yeye yuko sebuleni, na mkononi mwake, kwenye faili->private_data, ana pointa ileile ya m. Pointa inakuambia kitu kiko wapi. Haikuambii ni cha nani, wala kama bado kipo.

Hapa kuna neno ambalo nimeacha kulitumia. Wengi wetu tukieleza kfree, ule mstari wa mwisho hapo juu, kwa Kiswahili tunasema "inafuta memori". Haifuti. Inaachia. Kwenye kerneli yetu, mgawaji wa memori aliandika pointa yake ndogo juu ya baiti 4 za mwanzo za kile kipande, akakirudisha kwenye rundo la vipande vya ukubwa ule, basi. Gramu 81,436 zilizokuwa katikati zilibaki palepale kama nguo iliyosahauliwa kwenye chumba kilichohamwa. Asipokuja mpangaji mpya, utasoma 81,436 siku nzima. Akija, utasoma vitu vyake ukidhani ni uzito, na hiyo ndiyo ilikuwa namba hasi ya ajabu. Ukiandika badala ya kusoma, unavuruga data ya mtu asiyehusika kabisa, labda pakiti ya mtandao, labda faili. Boksi linaganda dakika ishirini baadaye, mahali ambapo draiva yako haijawahi kufika, na wewe unatuma stabilaiza.

Programu ya kawaida ikigusa pasipo pake, kerneli inaweza kuiua na maisha yakaendelea. Kerneli yenyewe ikigusa pasipo pake hakuna aliye juu yake wa kuishika mkono. Ndiyo sababu kosa la aina hii, dogo hivi, huku chini lina uzito tofauti.

Karakanani niliweka jiwe la mizani la kilo 20, nikachomoa waya. Skrini: 20.0. Nikasubiri. 20.0. Nikatoa jiwe. 20.0. Kisha nikaliwasha boksi upya nikiwa nimeongeza neno moja kwenye amri ya kuwasha kerneli: slub_debug=FZPU. Herufi P hapo ni sumu. Inamwambia mgawaji kwamba kipande kikiachiwa, kila baiti yake ijazwe thamani ya 6b kwa hesabu ya kumi na sita (hexadecimal), ili atakayekigusa baadaye ajulikane. Nikaweka jiwe, nikachomoa waya, nikasoma gramu moja kwa moja kutoka kwenye faili:

1802201963

Hiyo ni tani 1,802 juu ya mizani ya jukwaa isiyobeba hata tani moja. Igeuze namba hiyo kwa hesabu ya kumi na sita unapata 6b6b6b6b. Niliitazama kwa muda mrefu. Wiki mbili kosa lilikuwa limevaa sura ya uzito halali wa gunia la korosho, na sasa limevuliwa. Kama unaandika draiva na hujawahi kuiwasha sumu hii, acha kusoma hapa uiwashe kwanza. KASAN, chombo cha kerneli cha kukamata makosa ya memori, inafanya kazi hii vizuri zaidi, inakuonyesha hata mstari uliochukua, mstari ulioachia na mstari uliogusa baada ya kuachia. Ila inadai sehemu moja ya nane ya memori kwa daftari lake, na kwa ARM ya biti 32 iliingia kwenye kerneli ya 5.11, mwaka 2021. Sisi tulikuwa kwenye 5.4.

Sasa kuhusu umiliki, maana hapa ndipo nilipojifunza kitu.

Bibi yangu mzaa mama, Tanga, alikuwa na masufuria mawili makubwa ya shughuli, ya kupikia pilau ya watu mia. Chini yake kaandika herufi za jina lake kwa rangi nyekundu ya mafuta. Mtaa mzima uliyaazima, na bibi alikuwa na daftari. Anayepikia uani kwetu haandikwi, kwa sababu bibi anamwona na atamaliza hapohapo. Anayelitoa nje ya geti anaandikwa. Na aliyeandikwa akitaka kumpitishia jirani wa mtaa wa pili, yule jirani aje aandikwe kwanza, kabla sufuria halijatoka mkononi mwa huyu. Bibi alikuwa mkali kwenye hilo la mwisho kuliko hata kwenye kuchelewesha. Aliniambia sufuria halipotei kwa mwizi, linapotea pale watu wawili wanapopeana bila mwenyewe kujua.

Nyaraka za kerneli kuhusu kref, kihesabu cha walioshika pointa, zinasema jambo hilohilo. Ukiitumia pointa kwa muda mfupi, ndani ya kazi iliyokupa, huna haja ya kuongeza hesabu. Ukitengeneza nakala ya pointa itakayodumu, hasa ikiwa itaenda kwa uzi mwingine wa utekelezaji, ongeza hesabu kwa kref_get kabla hujaitoa. Kabla. Uani na nje ya geti. Kref imekuwemo kwenye Linux tangu 2004, na mfano kamili wa matumizi yake kwa vifaa vya USB uko ndani ya kerneli yenyewe, kwenye drivers/usb/usb-skeleton.c. Niliwahi kuufungua. Niliona zile kref nikaziona ni mapambo ya draiva kubwa, nikaziruka.

Kerneli ina kitu kimoja ambacho bibi hakuwa nacho: kwa kref, mwenye mali ni daftari lenyewe. Wa mwisho kurudisha ndiye anayeachia memori, awe nani awe nani. Kwa hiyo kwenye draiva mpya probe (mizani ikichomekwa) inaanza na hesabu ya 1, open (faili likifunguliwa) inaongeza, release (likifungwa) inapunguza, disconnect (waya ukichomolewa) inapunguza. Waya ukichomoka karani akiwa bado ndani, hesabu inashuka kutoka 2 hadi 1, kipande kinabaki hai. Karani akifunga programu, inafika 0, kinaachiwa. Mpangilio nao una maana: usb_deregister_dev lazima itangulie kref_put, ile ya kupunguza hesabu, kwa sababu hiyo ndiyo inayohakikisha hakuna mtu aliye katikati ya kufungua faili wakati wewe unaondoka.

Nilifanya hivyo, nikachomoa waya, nikasoma.

20.0.

Kwa saa nzima nilidhani sijaweka draiva mpya. Nilikuwa nimeiweka. Memori sasa ilikuwa salama kabisa, sumu haikuonekana popote, KASAN isingekuwa na la kusema. Na gramu bado zilikuwa za uongo. Nilikuwa nimechanganya mambo mawili: uhai wa memori na uhai wa mizani. Kref inalinda la kwanza tu. La pili linahitaji alama yake, boolean moja (ndiyo au hapana) ndani ya kipande, inayowekwa chini ya kufuli wakati wa disconnect, na kila read inaiangalia chini ya kufuli hilohilo kabla ya kutoa namba. Imechomolewa? Rudisha -ENODEV, yaani kifaa hakipo. Mistari sita. Ukiniuliza mkulima wa gunia la pili aliumizwa na nini hasa, ni kukosekana kwa mistari hii sita, na ile nyingine ya kref ndiyo ingekuja kuliumiza boksi zima.

Kijana ninayefanya naye kazi alipendekeza njia fupi: tuweke devm_kzalloc badala ya kzalloc, kerneli iachie yenyewe, tusahau. Nilimwelewa, maana nimeona watu wengi wakiishauri kama dawa ya yote. Lakini memori ya devm inaachiwa pale draiva inapotenganishwa na kifaa, yaani waya unapochomolewa. Ni kosa letu lilelile, isipokuwa sasa mstari wa kfree haupo tena machoni mwa mtu wa kukagua. Devm inafaa kwa kitu ambacho uhai wake ni uhai wa kifaa. Kipande chetu kina mshikaji mwingine, faili lililofunguliwa, na huyo ana ratiba yake.

Tangu hapo nina desturi. Kila pointa ndani ya muundo wa data naiandikia neno moja pembeni: milki, azima, au amana. Milki, mimi ndiye nitakayeachia. Azima, ni ya mwingine, nisikae nayo kuliko yeye. Amana ni pale ninapomkabidhi mtu pointa anitunzie na kunirudishia bila kuifungua. Mfano wake ni urb->context, pointa inayobebwa ndani ya ombi la kusafirisha data, ambayo USB haiigusi kamwe, inanirudishia tu kazi ikikamilika. Amana ina hatari yake ya pekee: ukiondoka bila kumwambia mtunzaji, atakuja kugonga mlango wa nyumba iliyobomolewa.

Nimeona Rust, lugha ya kuandikia programu, ikifundishwa kwa Kiswahili na lile neno lao borrow, la kutumia kitu kwa muda bila kukimiliki, likatafsiriwa "kukopa". Naomba tulitazame upya. Ukikopa elfu kumi hurudishi noti ileile, unarudisha thamani. Ukiazima jembe unarudisha jembe lilelile, na mwenyewe hawezi kuliuza ukiwa nalo shambani. (Mitaani tunasema pia "niazime elfu tano", najua, lakini hakuna anayesema "nikopeshe jembe".) Kinachofanyika kwenye Rust ni azima tupu: mwenye mali hawezi kukiachia kitu wakati kuna aliyekiazima, na kompaila ndiyo inayokaa getini na daftari, kabla programu haijawahi hata kuwaka.

Nisingependa mtu aone haya ni mambo ya draiva za mafundi wadogo. Binder, njia ambayo programu za Android zinaongea zenyewe kwa zenyewe, ilikuwa na kosa la sura hiihii. Uzi wa Binder una foleni ya kusubiria ndani yake. Epoll, sehemu ya kerneli inayosubiri matukio kwa niaba ya programu, ilipewa pointa ya foleni hiyo ikae nayo. Programu ikituma amri ya BINDER_THREAD_EXIT, uzi unaachiwa, foleni inaondoka nao, na epoll bado inashika anwani. Kifaa cha kujaribu kerneli kiotomatiki kiliugundua upungufu huo mwaka 2017, kiraka kikaingia kwenye kerneli kuu mwanzoni mwa 2018, lakini simu nyingi hazikukipata. Oktoba 2019 Maddie Stone wa Project Zero, timu ya Google ya kutafuta udhaifu wa usalama, aliutangaza, kukiwa na dalili kwamba ulishatumika kushambulia watu: Pixel 2, Samsung S7 hadi S9, Redmi Note 5, Redmi 5A. Fundi yeyote wa simu Kariakoo anazijua hizo kwa vidole. Unaitwa CVE-2019-2215. Wawili walipeana bila daftari, basi.

Linux ilianza kupokea Rust kwenye toleo la 6.1, Desemba 2022, miezi michache tu baada ya stakabadhi zangu. Google wanasema sehemu ya udhaifu wa Android unaotokana na usalama wa memori ilishuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi 24 mwaka 2024, tangu walipoanza kuandika msimbo mpya kwa lugha za namna hiyo. Naziamini namba hizo. Kilichonivutia zaidi, hata hivyo, ni kitu kidogo ndani ya maktaba ya Rust ya kerneli kinachoitwa Revocable. Unakifunga kifaa ndani yake, na kila anayetaka kukitumia lazima aombe kwanza. Kifaa kikiondoka, jibu linakuwa hapana, na huwezi kufika kwenye kilichomo bila kulipitia swali hilo. Ni ile mistari yangu sita, ila huwezi kuisahau. Aliyeifikiria alijua kwamba memori kuwa hai hakutoshi.

Masanduku yetu yako bado kwenye C na yatabaki huko kwa muda. Tulizipekua kumbukumbu zote za uzito za msimu ule, tukitafuta stakabadhi zinazofuatana zenye gramu sawasawa, kwa sababu ni nadra sana mizani nzima kutoa gramu ileile mara mbili. Tulipata jozi 4. Orodha tuliipeleka chamani kwa barua, wakulima wakaitwa, hesabu zikarekebishwa, nasi tukalipia tofauti.

Oktoba iliyofuata nilikwenda Masasi mwenyewe. Karani hakutaka maelezo. Aliagiza gunia lipandishwe, akasubiri namba itulie, akainama akachomoa waya kwa mkono wake. Skrini ikaandika MIZANI HAIPO. Akabonyeza kitufe cha kuchapa, kikakataa. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi. Akachomeka, ikarudi 79.2. Akafanya hivyo mara tatu, wakulima wakitazama, halafu akachukua kalamu yake sikioni na kuita jina lililofuata.